Beseni la Paskalina

Vijana wangu mnaoingia darasani na kompyuta mpakato na spika za mezani, nawaonea wivu kidogo, tena wivu mzuri. Sisi tuliingia na chaki na kikohozi. Lakini kuna kitu kimoja mtakikuta kama tulivyokikuta sisi, na shule nyingi za Kiingereza bado hazijakitupa: kibao. Simaanishi ubao wa kuandikia. Namaanisha kile kipande cha mbao chenye kamba, anachovishwa shingoni mtoto aliyekamatwa akiongea Kiswahili. Hukivaa mpaka amnase mwenzake, naye amvishe. Katika shule niliyomalizia kazi, pale Ipagala, kibao kilikuwa kimelowa jasho la shingo nyingi mpaka maandishi yake yakafutika. Hakuna aliyehitaji kuyasoma.

Nataka niwaambie habari za mtoto ambaye hakukivaa hata siku moja.

Mwalimu mkuu wetu alikuwa mgeni shuleni, mtu wa bidii, shati jeupe limechomekewa saa zote. Muhula wake wa kwanza ulipoisha aliwauliza viranja: nani amemaliza muhula mzima bila kuvaa kibao? Viranja wakatazamana, wakanong'ona, wakamjibu: Paskalina, wa darasa la pili. Mkuu alifurahi kama mtu aliyeokota dhahabu njiani. Alituma mtu dukani atafute zawadi, na dukani kilichopatikana cha maana ni beseni. Beseni jekundu la plastiki, kubwa, la kuogeshea mtoto.

Shule ilipofunguliwa tena, tukapanga mistari asubuhi. Julai yetu ya Dodoma mnaijua, upepo unakata masikio na vumbi linaingia mpaka kwenye chai. Mkuu akasimama mbele.

"Kaka zenu wa la saba wanavaa kibao kama tai," akasema, "na huyu wa darasa la pili hajakigusa! Paskalina, come here, my dear."

Akatoka mtoto mwembamba, soksi moja juu, moja chini. Akapokea beseni kwa mikono miwili.

"Say thank you."

Kimya. Kamba ya bendera ikawa inapiga mlingoti, ta, ta, ta.

"Say thank you to your headmaster."

Ndipo ikatoka sauti nyuma kabisa, ya mtoto asiyejua kunyamaza: "Sir, huyo haongeagi!"

"Haongei Kiswahili, ndiyo maana tunampongeza."

"Haongeagi chochote, Sir!"

Paredi nzima ikaangua kicheko. Nami, Mungu anisamehe, mdomo ulinicheza. Kisha nikamwona mtoto. Hakulia wala hakukimbia. Aliliinua lile beseni polepole, polepole, mpaka likamfunika uso, na akabaki amesimama hivyo nyuma yake kama mtu aliyefunga mlango wa nyumba yake kwa adabu.

Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeaibika mbele ya shule nzima, na aibu haina subira. Siku hiyohiyo alituita ofisi ya walimu. Sheria ya shule ilikuwa inajulikana: mtoto havuki kwenda la tatu mpaka asome Kiingereza kwa sauti mbele ya mwalimu mkuu. "Na huyu atasoma kama wenzake," akasema. "Mwisho wa mwaka. Asiposoma, wazazi wake watafute shule inayomfaa." Akanigeukia mimi, kwa kuwa Kiingereza cha darasa la pili kilikuwa changu. "Mwalimu Ndahani, ni kazi yako."

Alipotoka, ofisi ikageuka baraza la waganga. Mmoja akasema masikio. Mwingine akasema amefungwa ulimi na watu wa kwao, maana ni Msandawe wa kule Kwa Mtoro, na kule eti kuna mambo. Wa tatu akasema kiburi tu. "Kiingereza tumsamehe. Lakini shikamoo? Mtoto hatoi hata shikamoo!" Hapo wengi wakatikisa vichwa. Mnajua sisi: mtoto akikosa hesabu ni mzito, akikosa shikamoo amelelewa vibaya.

Pembeni alikuwepo Ticha Hadija, Mrangi wa Kondoa, aliyefundisha chekechea muda mrefu mpaka baadhi ya wazazi walioleta watoto walikuwa wamepita mikononi mwake. Alikuwa anakunja vitambaa vya watoto wake vya pua.

"Anawasalimia," akasema bila kuinua macho.

"Lini?"

"Kila asubuhi, getini. Anainamisha kichwa aguswe, kama watoto wa wafugaji wanavyofanya. Ninyi mnapita na simu zenu. Mtoto wa watu anasalimia, hamwitikii, halafu mnasema hana adabu."

Kesho yake nikawahi getini. Akaja, soksi moja juu, moja chini. Akasimama mbele yangu, kichwa kikashuka. Nikaweka kiganja juu ya nywele zake zenye vumbi, nikasema, "Marahaba." Akainuka, akaenda zake, hatua za mtu aliyemaliza jambo. Siku iliyofuata alikuwa getini kabla yangu, ananingoja.

Andikeni hili mahali: kabla ya kumfundisha mtoto lugha mpya, jua ile anayokuzungumzia tayari.

Mnisamehe nikienda Bahi kidogo. Nilianzia kazi Bahi, shule ya serikali, kwenye mbuga za mpunga, na miaka ya mvua nzuri watoto walikuja darasani na matope hadi magotini. Kitabu chetu kilisema nianze na kalamu: hii ni kalamu, ile ni kalamu. Kalamu zilikuwa chache kuliko watoto. Mwalimu mwenzangu mmoja mzee akaniambia, "Wewe kijana, wafundishe kwa walicho nacho." Nikaomba mtu aje na samaki. Walikuja na kambale aliye hai. Kipindi kile tulisema kwa Kiingereza kila kitu ambacho kambale anaweza kufanya juu ya sakafu ya darasa, mpaka kuruka juu ya meza yangu, na hakuna mtoto aliyesahau neno hata moja. Toka hapo, nikikwama, hujiuliza: huyu ana nini mkononi?

Na Paskalina alikuwa na beseni. Ila hilo sikulijua mpaka nilipofika kwao.

Ni Ticha Hadija aliyenisukuma. "Umeshawahi kumwona mtoto akiwa kwao?" aliniuliza. Jumamosi nikapanda bodaboda hadi Mkonze. Baba yake alikuwa fundi mwashi, mmoja wa wale waliokuja mjini kujenga nyumba za watu wanaohamia makao makuu, na yeye mwenyewe nyumba yake bado ilikuwa haijapigwa lipu. Mama alikuwa sokoni. Nyumbani nilimkuta bibi, mama yake baba, amekaa nyuma ya jiko la nje, anabangua karanga.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia kwa sauti. Aliweka kidole mdomoni, akanivuta mkono, akaniketisha kwenye gogo kando yake. Kisha akanielekeza kwa kidevu: upande wa pili wa ukuta. Nikatega sikio.

"Sit down!" ilisema sauti ndogo, kali, safi kama maji ya mtungi. "You, why late? Eh? Sit down. Again! This is a... this is a...?"

"Goat!" zikajibu sauti za watoto wadogo.

"Very good. Clap for her. Are we together?"

"Yes, ticha!"

Halafu ikakohoa. Vijana wangu, ilikohoa kikohozi changu. Kile cha chaki, cha mara mbili kavu na moja ya kumalizia. Nikachungulia kwenye tundu la tofali. Paskalina alikuwa amesimama mbele ya mdogo wake Neema, wa chekechea, na watoto wawili wa jirani. Mbele yake beseni jekundu limegeuzwa, limekuwa meza ya mwalimu, na juu yake kitabu. Ukutani kwa mkaa ameandika tarehe, kama mimi. Na kila baada ya maneno machache alishika kiuno cha gauni lake akalivuta juu, kwa nguvu, kama mtu ambaye mkanda wake umelegea.

"Kwani mimi navuta suruali hivyo?" nikamnong'oneza bibi.

Bibi alinitazama nilivyokaa, akacheka bila sauti mpaka karanga zikamwagika.

Nikataka kuinuka. Moyo ulikuwa umenijaa. Nilitaka nizunguke ukuta nimkumbatie. Bibi akanishika shati.

"Usiingie. Ukiingia, shule inafungwa."

"Mama, kwa nini shuleni haongei? Kuna mtu alimtisha?"

"Wee mwalimu. Kila mtu ananiuliza nani kamfunga. Hakufungwa na mtu. Kuna ng'ombe anakunywa maji akifika, na kuna ng'ombe anasimama kwanza anaangalia bwawa. Wote wanakunywa." Akabangua karanga kadhaa. "Shida ni baba yake. Keshasema asipovuka darasa anamrudisha Kwa Mtoro kwa mjomba, akachunge. Anasema hawezi kulipia ukimya."

Basi hapo nikajua uzito wa kitu nilichobeba. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mwalimu wa Kiingereza aliyetimia, matamshi yake yakipita ya walimu ninaowajua kwa majina, na miezi ikipita hivihivi angekuwa nyuma ya mbuzi, akiwauliza kama wako pamoja.

Nikajaribu njia ya mkato. Nilimrekodi kwa simu kutoka nyuma ya ukuta, kwa idhini ya bibi, na Jumatatu nikamsikilizisha mkuu. Alisikiliza yote. Akatabasamu hata. Kisha akanirudishia simu.

"Mtoto mzuri. Ni nani?"

"Paskalina, Mkuu."

"Nitajuaje? Ndahani, mimi sipandishi simu darasa. Aje asome."

Nilikasirika, lakini baadaye nimemshukuru. Simu ingemvusha la tatu akiwa bado nyuma ya ukuta.

Kwa hiyo nikaanza kazi ya polepole kuliko zote nilizowahi kufanya, na nawaeleza jinsi ilivyokuwa kwa sababu hakuna chuo kilichonifundisha. Kila Jumamosi nilikwenda Mkonze. Mwanzo nilikaa na bibi nyuma ya jiko, nikibangua karanga, nikipiga soga kwa sauti ya kutosha ili mtoto ajue nipo. Siku ya kwanza alipong'amua, shule ilifungwa kweli. Nikaendelea na karanga. Jumamosi nyingine ikafunguliwa kwa minong'ono. Nikahamia kwenye pembe ya ukuta, mgongo nimempa yeye, uso nimeuelekeza kwenye shamba la zabibu la jirani, ambalo lilikuwa limepogolewa na kubaki vijiti vitupu. Mgongo, vijana. Jicho la mwalimu ni zito. Mgongo wake mwepesi.

Kumbukeni pia kwamba sikumuuliza swali hata moja. Swali ni kamba, ukimrushia mtoto wa namna hii anaona shingo yake tu. Nilisema vitu hewani. "Naona leo mwalimu amechelewa kupiga kengele." "Huyu mbuzi sijui anaitwaje Kiingereza." Nikiacha neno likae. Wakati mwingine lilikaa mpaka jua likahama.

Na bibi, kunipitishia muda, alinifundisha Kisandawe. Ile lugha ina milio mdomoni, kama kijiti kikavu kinavunjwa, kama chupa inafunguliwa, na yote iko katikati ya maneno. Nilijaribu neno la salamu ya asubuhi. Nikajing'ata. Nikajaribu tena, likatoka tu mate. Nyuma ya mgongo wangu nikasikia kicheko, kifupi, kama shilingi imedondoka. Sikugeuka. Nilikaza macho kwenye zabibu za watu nikiwa na furaha ambayo sijui niieleze vipi. Nilikuwa nimefundisha Kiingereza maisha yangu yote, na hapa alikuwepo mtoto wa darasa la pili ambaye ulimi wake ulipanda mlima nisioweza hata kuuanza, akashuka, akachukua Kiswahili, akachukua na Kiingereza changu pamoja na kikohozi chake. Sisi ndio tulikuwa tunamwita mzito!

Jumamosi moja nikasikia nyuma yangu: "You. Why late?"

Sikumtazama. Nikasema polepole, "Sorry, teacher."

"Sit down."

Nikaenda kukaa chini kati ya Neema na watoto wa jirani, magoti yangu yakilalamika. Alinifundisha kipindi kizima. Nilikosea makusudi mara moja, akanikoholea.

Tulipofika hapo nikadhani tumemaliza. Wiki hiyo darasani, wakati wenzake wakisoma kwa pamoja, niliona midomo yake inacheza, na katikati ya sentensi wenzake walipopotea, sauti yake ikabaki peke yake hewani kwa maneno mawili. Darasa likageuka lote. "Ameongea! Sir, Paskalina ameongea!" Wakapiga makofi, wakaruka juu ya madawati, mmoja akakimbia kuwaambia la tatu. Furaha ya kweli kabisa. Na ilimzika. Kwa wiki kadhaa hakucheza hata midomo. Hata Mkonze, hata kwa Neema. Beseni lilirudi kuogeshea.

Mtoto wa namna hii anapotoa neno, vijana wangu, lipokeeni kama mtu anayepokea kikombe cha maji: asante ndogo, na uendelee na safari yako.

Mwisho wa mwaka ulikuwa unakaribia. Zabibu zilikwisha kuchipua na kukolea. Nikaenda kwa Ticha Hadija nikiwa nimechoka.

"Darasa langu Jumamosi liko tupu," akasema. "Lina mkeka. Na Neema analijua kama kwao."

Tukamleta Neema, na dada akaja kwa sababu Neema alikuja. Bibi akaja pia, na karanga zake, akakaa mlangoni. Shule nzima tupu, upepo tu kwenye korido. Jumamosi ya kwanza hakuna neno. Jumamosi ya pili, nikiwa nje nimegeuka kutazama mlingoti, nikasikia kikohozi changu ndani ya shule yangu.

Siku ya mtihani, mkuu alikaa ofisini kwake, akiita mmoja mmoja. Jina la Paskalina lilipofika, hakuwepo mlangoni. Nilikwenda getini. Alikuwa anakuja kutoka barabarani na bibi na Neema, na juu ya kichwa chake, beseni jekundu. Hakuna aliyemwambia alilete. Akafika kwangu, akalishusha, akainamisha kichwa. Nikaweka kiganja.

Hakwenda ofisini. Alipita mlango wa ofisi, moja kwa moja, akaingia chekechea. Nikamfuata mkuu.

"Mkuu, yupo tayari. Ila darasa lake liko kule."

"Darasa lake? Ndahani, mtihani unafanyikia hapa."

"Uliniambia aje asome. Amekuja. Mimi na wewe tumebakiwa na hatua chache tu."

Nadhani aliikumbuka ile paredi. Akainuka. Mlangoni mwa chekechea Ticha Hadija akamzuia.

"Mkuu, viatu."

"Nini?"

"Mkekani haturuhusu viatu."

Mwalimu mkuu akavua viatu. Soksi moja ilikuwa na tundu kwenye dole gumba, na watoto wa chekechea, waliokuwa wamekaa mkekani kama kila siku, walilitazama tundu lile kwa heshima kubwa. Paskalina alikuwa nyuma ya beseni lililogeuzwa, kitabu juu yake. Macho yake yalikuwa kwenye kitabu tu. Mkuu alibaki wima, mikono nyuma, shati jeupe.

Nilitazama dirishani. Mlangoni bibi alibangua karanga moja, tak.

Mtoto akashika kiuno cha sketi yake. Akaivuta juu.

"You," akasema kwa sauti ndogo, kali, bila kuinua macho. "Why late?"

Nilifumba macho.

"Sorry, teacher," akasema mkuu.

"Sit down."

Nikasikia suruali yake nzuri ikikunjika, magoti yake yakigusa mkeka. Ndipo akasoma. Ukurasa mzima, habari ya sungura na kisima, bila kuruka neno, akituliza sauti penye nukta na kuipandisha penye swali, huku kidole chake kikitembea juu ya karatasi. Alipomaliza akafunga kitabu.

"Are we together?"

"Yes, ticha!" wakajibu chekechea wote, na katikati ya sauti zao moja nzito.

Hakuna aliyepiga makofi. Ticha Hadija alikuwa amewafundisha. Mkuu aliinuka, akavaa viatu vyake polepole mlangoni, na mkono wake ukakosea kamba mara kadhaa. "Avuke," akaniambia, na akatoka.

Alivuka, kila mwaka. Msidhani akawa kasuku, hapana. Alizungumza na aliyemtaka, alipotaka, na alipokuwa la sita bado kuna walimu hawakuwahi kuisikia sauti yake. Kwangu alizungumza mara chache, na kila mara nilijiona nimepewa kitu.

Siku ya kuniaga walizungumza wengi. Yeye alikuja mbele kwa zamu yake akainamisha kichwa, na baadhi ya wageni wakanong'onezana kwamba huyu hana neno la kumwambia mwalimu wake. Nikaweka kiganja changu, nikasema marahaba, nikaona inatosha kwa maisha yangu yote ya kazi.

Lakini alinisindikiza hadi getini, na pale, tulipokuwa wawili na upepo, nikaona nimuage kwa lugha ya bibi yake. Lile neno la salamu. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi bafuni miaka yote hiyo. Nikalitoa kwa ujasiri, na nikajing'ata.

Paskalina alicheka. Kisha akasimama wima, akavuta sketi yake juu, akanikoholea kikohozi changu, na akalitamka lile neno mbele yangu, polepole, likivunjika na kufunguka mdomoni mwake kama jambo rahisi.

"Again," akaniambia.